Tuache Kumsingizia Mchapaji

Karatasi zilikuwa zimeshachapwa zote, elfu tatu, zimepangwa juu ya meza ndefu ya kiwanda kidogo cha uchapaji pale Gerezani, Dar es Salaam, zikisubiri kukatwa. Kilikuwa kipeperushi cha wakulima wa alizeti wa Singida, mbele na nyuma, picha nzuri, rangi imekolea. Maneno nilihariri mimi. Niliyasoma mara tatu kwenye kompyuta, nikayasoma mara ya nne kwenye prufu, ile nakala ya majaribio ya kusahihishia, nikasaini. Fundi wa mashine ya kukata karatasi, kijana mwenyeji wa Iramba, huko huko Singida, alichukua moja aangalie alama za kukatia. Macho yake yakateremka kwenye maandishi, mkono ukasimama.

"Samahani dada, hapa mnatuambia tupulizie dawa alizeti ikishachanua? Na nyuki je?"

Nikaichukua ile karatasi. "Upulizie dawa ya wadudu wakati alizeti imechanua." Mswada ulisema "Usipulizie". Herufi mbili, s na i, zilidondoka mahali fulani kati ya kompyuta yangu na ya msanifu kurasa, nami nikapita juu ya pengo lake bila kuliona. Alizeti ikichanua ndipo nyuki wanapoifuata, na nyuki ndio wanaoisaidia kujaza mbegu. Singida ni mkoa wa alizeti na ni mkoa wa asali. Mkulima ambaye angetii ushauri wetu angeua nyuki wa mizinga ya jirani yake, kisha akavuna vichwa vyenye mbegu pungufu, na moyoni angeamini kwamba amefanya kile wataalamu walichomwambia.

Mteja alipopigiwa simu, jibu lake la kwanza lilikuwa lile tunalolitoa sote: "Ah, kumbe ni kosa la uchapaji tu."

Nimelifikiria neno hilo miaka mingi sasa, na ninaamini ndilo linalotuharibia kazi kuliko kosa lenyewe. Kosa la uchapaji. Maana yake, kwa Kiswahili cha moja kwa moja, ni kosa la mchapaji, yule bwana mwenye wino mikononi. Lakini mashine ya ofseti huchapa kilichomo kwenye pleti, yaani bamba la kuchapia, na pleti hutengenezwa kutokana na faili, na faili lilitoka kwangu likiwa na saini yangu. Mchapaji wa kipeperushi kile hakugusa hata nukta. Aliyekosa ni mhariri, na nyuma yake mchapishaji, yaani aliyeagiza kazi, akaipangia muda na fedha. Mchapaji na mchapishaji ni watu wawili tofauti, na Kiswahili kimewatofautisha kwa silabi moja tu. Sisi tukikosea tunamtupia lawama yule wa chini.

Kuna wakati neno hilo lilikuwa na haki. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walipoanzisha uchapaji Zanzibar katika karne ya 19, kiwanda ambacho mwaka 1888 kilitoa gazeti la Msimulizi, herufi zilikuwa za risasi, moja moja, zikiokotwa kwa vidole kutoka kwenye visanduku. Miongoni mwa waliozipanga walikuwamo vijana waliokombolewa utumwani. Herufi ya risasi husomwa kinyume, kama uso kwenye kioo. Ukiipindua n inakuwa u. B na d ni mapacha wa kuangaliana. Na herufi iliyorudishwa kisanduku kisicho chake baada ya kazi ya jana itatokea kwenye ukurasa wa kesho mahali isipotarajiwa. Makosa yale yalizaliwa kweli kiwandani, mikononi mwa mpanga herufi. Na kwa sababu kila mtu alijua kwamba yatazaliwa, palikuwa na utaratibu wa kuyawinda: ukurasa wa kwanza unapigwa, unasomwa, unasahihishwa, unapigwa tena. Leo herufi za risasi zimekwisha, na pamoja nazo tumeutupa utaratibu wa kuwinda. Jina la kosa peke yake ndilo lililobaki.

Kwa Kiswahili hasara ya kuutupa utaratibu huo ni kubwa kuliko tunavyofikiri, na hapa naomba msomaji avumilie nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu.

Mwaka 1631, London, wachapaji wa mfalme, Robert Barker na Martin Lucas, walitoa Biblia ambayo katika Kutoka 20:14 neno dogo la kukanusha lilikuwa limesahaulika. Amri ikawaagiza waumini wazini. Mfalme Charles wa Kwanza alikasirika, wachapaji wakatozwa faini ya pauni 300 na kunyang'anywa leseni, nakala zikasakwa ziharibiwe. Kisa hiki husimuliwa popote wanapozungumza watu wa vitabu. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba ili Waingereza wale waipindue amri ya Mungu, ilibidi wadondoshe neno zima. Neno zima likikosekana huacha nafasi, na jicho makini linaweza kulishtukia. Sasa iangalie amri hiyo hiyo kwa Kiswahili: "Usizini." Toa "si". Inabaki "Uzini", neno kamili, sahihi kisarufi, halina kovu lolote. Lugha yetu huficha ukanushi tumboni mwa kitenzi. Silabi moja ikitoka, sentensi inageuka, na juu ya ngozi haionekani hata alama ya mshono.

Ukanushi ni mlango mmoja tu. Chukua tangazo la kazi: "Fomu hazitapokelewa baada ya Ijumaa." Dondosha "ha", fomu zitapokelewa baada ya Ijumaa. Chukua waraka wa ofisi: "asiyesajiliwa" na "aliyesajiliwa" wanapishana kwa herufi moja, na mmoja wao atarudishwa mlangoni. Chukua kichwa cha habari cha mahakamani: "Chama chakata rufaa" na "Chama chakataa rufaa". Irabu moja ya ziada, na aliyekwenda kudai haki yake anageuka kuwa aliyeikataa. Kamati inayoagizwa "kufuata kifungu cha saba" na ile inayoagizwa "kufuta kifungu cha saba" zitatoka kikaoni na kazi mbili zisizoonana. Fedha za umma zikipungukiwa m moja zinakuwa fedha za uma, na uma ni wa kulia chakula.

Halafu kuna ile w ya kutendwa, inayonitisha kuliko zote. "Alihonga" na "alihongwa". "Ameua" na "ameuawa". Mwandishi wa habari za mahakamani akiteleza hapo, marehemu anakuwa muuaji. Mtu aliyepelekewa hongo anakuwa aliyeipeleka. Familia itasoma gazeti asubuhi kabla ya mhariri hajaamka, na hakuna kichwa cha habari cha kesho kitakachowafutia majirani kile walichokisoma leo.

Kompyuta haitatusaidia, maana maneno yote niliyoyataja yapo kwenye kamusi. Hata pale ambapo ingesaidia, tumeiziba mdomo. Mashine nyingi maofisini mwetu na katika stesheneri za mitaani zimewekewa Kiingereza. Ukiandika ukurasa wa Kiswahili, kila neno linapigiwa mstari mwekundu, kuanzia "Ndugu" mpaka "Wako mtiifu". Ukurasa mzima ukiwa mwekundu, jicho linaizoea rangi hiyo, na neno lililokosewa kweli linajificha humo kama mwizi sokoni. Wengine wanaona kero, wanaizima kabisa. Simu nazo zina kiherehere cha kututungia maneno: nimeona "sana" ikawa "Santa" na "bado" ikawa "bad", na si kwenye ujumbe wa rafiki, ni kwenye kadi ya mchango wa harusi iliyokwisha chapwa na kusambazwa.

Na isidhaniwe kwamba wenye lugha zilizosheheni programu wamepona. Mwaka 2010 kampuni ya Penguin ya Australia iliteketeza nakala 7,000 za kitabu cha mapishi ya tambi. Katika pishi mojawapo, neno la Kiingereza la pilipili manga lilikuwa limegeuka neno la watu, na mpishi akaelekezwa atie chumvi na "watu weusi" waliosagwa papo hapo. Programu ya tahajia haikuona tatizo, maneno yote yalikuwa sahihi. Nakala za ghalani ziliharibiwa. Zile zilizokwisha fika madukani hazikurudishwa. Mimi nikiisoma habari ile kama Mwafrika niliumia, na niliumia zaidi kwa kujua kwamba kitabu kilipita mikononi mwa watu kadhaa wenye mishahara na hakuna hata mmoja aliyekisoma kama anavyosoma mtu anayetaka kupika.

Hapo ndipo ninapomrudia yule fundi wa Iramba. Aliliona kosa nililolipita kwenye prufu, wala hana shahada ya lugha. Alisoma kama mtu anayeijua alizeti. Mimi nilikuwa nayasoma maneno niliyokwisha yajua. Kichwa changu kilikuwa na "Usipulizie" tayari, kwa hiyo macho yaliiona hata pale ambapo haipo. Hivi ndivyo akili inavyofanya kazi. Haisomi herufi kwa herufi, inabashiri, na kadiri unavyolijua andiko ndivyo inavyobashiri kwa kujiamini. Kumwambia mwandishi asome kazi yake kwa makini zaidi ni kumwambia ajione kisogo chake. Anahitaji mtu mwingine nyuma yake.

Hayo ni tofauti na jambo jingine ambalo watu hulichanganya humu, nalo ni r na l, au h inayodondoka na kupachikwa. "Piga kula", "abari za asubuhi", "hasante". Hayo hayatoki kwenye kibodi. Yanatoka kwenye matamshi, na matamshi yanatoka kwenye lugha tulizonyonya utotoni, na simcheki mtu kwa lugha ya mama yake. Lakini yanapofika kwenye bango la barabarani au kitabu cha darasa la pili, yule wa pili wa kusoma alipaswa kuyakamata vile vile. Sababu za kosa ni nyingi. Kichujio ni kimoja.

Makosa nayo hayalingani uzito. Oktoba 2018 Benki Kuu ya Australia ilitoa noti mpya ya dola 50 yenye picha ya Edith Cowan, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika bunge nchini humo. Nyuma ya bega lake yamechapwa kwa herufi ndogo mno maneno ya hotuba yake ya kwanza, na neno la uwajibikaji limekosewa humo mara tatu, i moja imekosekana. Noti zipatazo milioni 46 zilikuwa zimeshaingia mitaani kosa lilipotangazwa Mei 2019. Ni aibu kwa benki, lakini noti iliendelea kununua mkate ule ule.

Linganisha na kilichotokea Wales. Mwaka 2009 ofisi ya Uingereza ya usajili wa makampuni iliandika kwenye daftari lake kwamba kampuni ya Taylor & Sons imefilisika. Iliyokuwa imefilisika ni Taylor & Son, kampuni nyingine kabisa isiyo na s ya mwisho. Wauzaji wa malighafi wakasoma, wakasitisha mikopo, wateja wakakimbia, na kampuni iliyokuwa nzima ikafa kweli, na zaidi ya watu 200 wakapoteza kazi. Mahakama Kuu ya huko iliamua mwaka 2015 kwamba ofisi ile inawajibika. Herufi moja, nayo ilisahihishwa ndani ya siku chache. Habari ilikuwa imeshauzwa kwa wanaouza taarifa za mikopo, na hao hawakuisubiri sahihisho.

Na karibu yetu kuna Mombasa. Tarehe 8 Agosti 2022, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, Tume ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, iliahirisha uchaguzi wa ugavana Mombasa na Kakamega kwa sababu karatasi za kura, zilizochapwa Ugiriki, zilikuwa na picha na maelezo yasiyo ya wagombea wa huko. Wapigakura wa kaunti hizo mbili walirudi vituoni tarehe 29 Agosti, baada ya matokeo ya urais kutangazwa. Fikiria mama aliyefunga genge lake mara mbili, na kijana wa bandarini aliyeomba ruhusa mara mbili. Mtu mmoja aliyeshika sampuli ya karatasi ya kura ya Mombasa mkononi na orodha ya wagombea wa Mombasa pembeni, akilinganisha uso kwa uso, angeokoa yote hayo. Ni kazi ya dakika tano kwa mtu anayewajua.

Kenya ilikuwa imeshaonja chungu zaidi ya hiyo. Mei 2010, rasimu ya katiba ikichapwa na Mchapaji wa Serikali ili ipelekwe kwa wananchi, baadhi ya nakala zilionekana na maneno mawili yasiyokuwemo kwenye rasimu iliyopitishwa. Maneno hayo, yenye maana ya usalama wa taifa, yalikuwa yamechomekwa kwenye Ibara ya 24, ile inayosema ni wakati gani haki za raia zinaweza kubanwa. Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Amos Wako, alilazimika kujitokeza na nakala hizo zikaondolewa. Maneno mawili kamili, yaliyotua mahali penye maslahi makubwa kuliko pote, hayawezi kuitwa utelezi wa kidole. Ndiyo maana nalichukia neno "kosa la uchapaji tu". Tukilizoea, siku mtu atakapochomeka kitu kwa makusudi, kichaka cha kujifichia kitakuwa tayari kimeota.

Sheria yenyewe inaujua mpaka huo. Tanzania, kifungu cha 96 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinamruhusu hakimu kusahihisha makosa ya kikarani na ya hesabu katika hukumu. Hakimruhusu kubadili alichoamua kisha akaita kosa la kikarani.

Linaloniuma kuliko yote ni vitabu vya shule. Mwaka 2017 makosa yaliyomo ndani ya vitabu vya kiada vya shule za msingi yalifika mpaka Bungeni Dodoma, wabunge wakisimama navyo mkononi. Tulizungumza sana mwaka ule kuhusu nani afukuzwe. Tulizungumza kidogo kuhusu namna kosa linavyoingia. Tanzania, tangu ile kamati ya ithibati iliyoitwa EMAC ilipovunjwa mwaka 2013, ilirudi kwenye mfumo wa kitabu kimoja cha kiada kwa kila somo, chini ya Taasisi ya Elimu. Mfumo huo una faida zake: mtoto wa Namtumbo na wa Masaki wanafungua ukurasa ule ule. Lakini faida hiyo hiyo inalibeba na kosa. Zamani kosa la mchapishaji mmoja liliishia kwenye shule zilizonunua kitabu chake. Sasa linasafiri nchi nzima kwa lori moja, na mwalimu aliye peke yake na watoto 100 darasani hana kitabu kingine cha kulinganishia. Mtoto wa darasa la tatu haulizi kama kitabu kimekosea. Akiona jawabu lake halilingani na la kitabu, analifuta la kwake.

BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, hutoa ithibati ya lugha kwa vitabu, na ni kazi ya kuheshimiwa. Ila ithibati husoma mswada. Baada ya hapo mswada unakwenda kwa msanifu kurasa, picha zinaingizwa, mistari inakatwa upya, jedwali linahamishwa, sehemu zinanakiliwa na kubandikwa, aya ya mwisho inapunguzwa ili itoshe. Kosa la kipeperushi changu lilizaliwa katika hatua hiyo hiyo. Kitabu kinachokwenda kwenye pleti si kile kilichopata ithibati, ni mtoto wake, na mtoto huyo hakuna aliyemsoma.

Kwa nini hasomwi? Nimekaa kwenye vyumba vya habari na ofisi za vitabu muda wa kutosha kujua jibu, nalo ni fedha na saa. Msoma prufu ndiye wa kwanza kupunguzwa bajeti ikibana, kwa sababu kazi yake ikifanyika vizuri haionekani. Hakuna msomaji atakayepiga simu kusema leo sijaona kosa. Magazeti yaliyokuwa na meza nzima ya wasahihishaji sasa yanamwachia mhariri mmoja kurasa zote, usiku, huku mtandaoni wakimsukuma apandishe habari kabla ya washindani. Mashirika yanayotoa vipeperushi vya afya na kilimo yanatenga fungu la msanifu, la mpiga picha, la uchapaji, la usafiri wa uzinduzi na la viburudisho vya uzinduzi. La kusoma halimo. Nikiuliza naambiwa, "Si wewe umehariri? Pitia tena."

Kupitia tena hakutoshi, nimeshaeleza kwa nini. Njia zilizokuwa zikitumika zamani bado zinafanya kazi. Watu wawili wanakaa, mmoja anasoma mswada kwa sauti, nukta na mkato vikitajwa, mwingine anafuata prufu kwa kalamu. Namba zinasomwa peke yake, safari ya pili, bila maneno, maana ½ ikipoteza mstari wake inakuwa 12, na vijiko 12 vya dawa ni habari ya msiba. Na tangu siku ile ya Gerezani mimi huchukua kalamu nyekundu nikazungushia kila kikanushi kwenye prufu, kila si, kila ha, kila hu, kisha nikahesabu na kulinganisha na mswada. Ni kazi ya kuchosha. Kwa kipeperushi hunichukua robo saa, kwa kitabu siku mbili.

Lingine ni namna tunavyosahihisha likishatokea. Gazeti linakosea jina la mtu ukurasa wa mbele, kwa herufi za inchi mbili, kisha linaomba radhi ukurasa wa 14, chini ya matangazo ya viwanja, kwa "usumbufu uliojitokeza". Usumbufu haujitokezi wenyewe. Kuna aliyeandika na kuna aliyepitisha. Radhi ikae pale pale kosa lilipokaa, iseme wazi kilichoandikwa na kilichopaswa kuandikwa. Mtandaoni ni baya zaidi: habari inabadilishwa kimyakimya, na aliyesoma saa mbili asubuhi anaonekana mwongo mbele ya aliyesoma saa nne. Na likiachwa bila kusahihishwa huota mizizi. Wamarekani waliwahi kuwa na neno "dord" katika kamusi yao kubwa ya Webster ya mwaka 1934, likielezwa kuwa maana yake ni msongamano wa maada. Neno hilo halikuwahi kuwepo. Karani aliunganisha herufi za ufupisho, "D or d", yaani D au d, akazifanya neno, na halikushtukiwa mpaka mhariri mmoja alipogundua mwaka 1939 kwamba halina asili. Hao walikuwa na watu wa kugundua. Kwenye kurasa zetu nyingi za Kiswahili, nani analitafuta "dord" letu?

Kipeperushi cha alizeti kilichapwa upya. Gharama tuligawana mimi na mteja, na mchapaji hakulipa senti, wala hakupaswa. Prufu mpya ilipotoka, kabla sijaweka saini niliipeleka kwanza kwenye mashine ya kukata karatasi. Yule kijana alifuta mikono kwa tambara, akasoma amesimama, kidole kikitembea chini ya mstari. "Usipulizie" ilikuwapo. Akaendelea. Alipofika kwenye kipimo cha dawa akasimama tena.

"Dada, hapa mmesema mililita 30 kwa bomba moja. Bomba la lita 15 au la lita 20?"

Hatukuwa tumeandika.